Ukaguzi wa mitambo mizito: Robo saa ya asubuhi ambayo hakuna anayetaka kuilipia

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI anayepita asubuhi na mapema kando ya barabara inayotengenezwa jijini Dar es Salaam, huenda amewahi kuliona jambo hili bila kulitilia maanani. Opereta anashuka kwenye daladala, anavaa buti, anapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mtambo, anageuza ufunguo, moshi mweusi unafuka na kazi inaanza. Kwa macho ya mpita njia, huyo ni mfanyakazi hodari asiyepoteza muda. Kwa macho ya fundi mitambo, huyo ameruka kazi ya kwanza ya siku, na pengine iliyo muhimu kuliko zote zitakazofuata.

Kazi hiyo ni kuuzunguka mtambo kwa miguu, injini ikiwa imezimwa na bado ina baridi, na kuukagua. Huchukua dakika 10 hadi 15. Haihitaji vifaa vingi: kitambaa, tochi, spana mbili tatu, bomba la grisi na macho yaliyo wazi. Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wakubwa, wawe wa Marekani, Japani, Ulaya au China, vinaitaja kuwa ni ya kila siku, yaani kila baada ya saa 10 za kazi.

Pamoja na wepesi wake, hiyo ndiyo hatua inayorukwa kwa urahisi zaidi kuliko nyingine yoyote ya matunzo. Makala haya yanaeleza kinachotazamwa katika ukaguzi huo, madhara ya kutokuutimiza, na sababu zinazowafanya watu wanaojua umuhimu wake waendelee kuuruka.

Saa, si kilomita

Gari la kawaida hupelekwa servisi kwa kuhesabu kilomita. Mtambo mzito unaweza kushinda mchana kutwa ukichimba mtaro bila kusogea mita 50, huku injini yake ikivuta kwa nguvu zake zote. Kwa sababu hiyo umri wake huhesabiwa kwa saa, na kila mtambo huwa na mita ndogo inayosonga muda wote injini inapofanya kazi. Ili kupata picha, gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao wakazi wengi wa Dar es Salaam wangeuonea wivu, likitembea kwa saa 250 litakuwa limemaliza kilomita 10,000.

Ratiba ya matunzo hupanda kwa ngazi: kila saa 10, kila saa 50, kisha 250, 500, 1,000 na 2,000. Kwa miaka mingi kumwaga oili ya injini na kubadili filta yake kulipangwa kila baada ya saa 250. Baadhi ya mitambo ya sasa imeruhusiwa kufika saa 500, lakini ruhusa hiyo huambatana na masharti kuhusu aina ya oili, ubora wa dizeli na ugumu wa kazi yenyewe. Mtambo unaofanya kazi saa 10 kwa siku hutimiza saa 250 katika siku 25 tu. Mwenye mtambo anayesubiri mradi wa miezi minne umalizike ndipo auingize karakana, atakuwa ameruka servisi tatu au nne.

Lipo pia tatizo la mita iliyokufa. Mitambo mingi inayonunuliwa na makandarasi wadogo ni ile iliyokwishatumika nje ya nchi, na mita yake inaweza kuwa imebadilishwa au imesimama. Dawa yake ni daftari la shilingi chache: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita za dizeli zilizowekwa na chochote kisicho cha kawaida. Daftari hilo likijazwa kila siku hutoa habari nyingi kuliko mita, kwa kuwa mita haiwezi kueleza kwamba tangu juzi mtambo unakunywa oili.

Kuuzunguka mtambo

Fundi mzoefu huanza kwa kutazama chini. Kabla ya kufungua boneti, hukagua ardhi ulipolala mtambo. Doa la mafuta mchangani ni taarifa ya bure. Jeusi huenda ni oili ya injini. La rangi ya asali chini ya pampu au silinda ni mafuta ya haidroliki. Majimaji yenye rangi ya kijani au nyekundu hutoka kwenye rejeta. Doa dogo la jana ambalo leo limekuwa dimbwi ni sababu tosha ya kutogusa ufunguo.

Baada ya hapo ni stiki ya oili. Hupimwa mtambo ukiwa umesimama pahali tambarare na injini ikiwa imepoa, kwa sababu kwenye mteremko kipimo hudanganya. Kila mtu anaelewa kwamba oili ikipungua kuna tatizo. Wengi hawajui kwamba oili iliyoongezeka bila kuongezwa ni tatizo kubwa zaidi, maana yake dizeli au maji yanaingia ndani ya injini kwa njia yasiyopaswa kupita. Oili iliyogeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa imechanganyika na maji, na injini hiyo haipaswi kuwashwa hata kwa kusogezwa pembeni.

Hufuata mikanda ya feni, mipira ya maji, nyaya za betri, nati na bolti. Kwenye ekskaveta, ule mtambo wenye mkono mrefu ambao wapita njia wengi huuita kijiko, hutazamwa meno ya ndoo na pini zinazoyashika. Jino moja likidondoka bila opereta kujua na likapakiwa kwenye tipa pamoja na mawe, linaweza kufika hadi kwenye mtambo wa kusagia kokoto, na hapo hasara ya jino inakuwa hasara ya kiwanda. Kwenye greda hutazamwa makali ya jembe. Makali hayo hufungwa kwa bolti ili yalike yenyewe na kubadilishwa. Yakiachwa yaishe kabisa, kinachoanza kulika ni jembe lenyewe, ambalo bei yake si ya kulinganisha.

Grisi inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa. Mkono wa ekskaveta umeunganishwa kwa pini nene zinazozunguka ndani ya bushi. Grisi inayosukumwa kupitia nipeli hulainisha, lakini kazi yake ya pili ni kusukuma nje mchanga na maji yaliyojipenyeza. Ndiyo maana fundi husukuma mpaka aone grisi chafu ikitoka pembeni, na ndiyo maana mtambo unaofanya kazi kwenye tope au maji hupigwa grisi hata mara mbili kwa siku. Opereta asiyepiga grisi hatoliona kosa lake wiki hii wala ijayo. Ataliona siku ndoo itakapoanza kucheza kushoto na kulia, na hapo pini, bushi na mara nyingine tundu lenyewe la chuma huhitaji kutobolewa upya.

Mwisho ni kibanda cha opereta. Vioo, honi, mkanda wa kiti, king'ora cha kurudi nyuma, kizimamoto, na ngazi. Ngazi yenye tope haionekani kuwa jambo kubwa, mpaka mtu anapoteleza kutoka urefu wa mita mbili. Breki na usukani hujaribiwa pale pale, kabla mtambo haujaingia kwenye kundi la vibarua.

Maji ya rejeta

Katika nchi ya joto, wengi huamini kwamba dawa ya rejeta ni ya Wazungu wenye barafu. Imani hiyo imeua injini nyingi. Dawa hiyo huzuia maji yasigande, kweli, lakini pia hupandisha kiwango cha kuchemka, huzuia kutu na huzikinga kuta za silinda dhidi ya vipovu vinavyotafuna chuma kidogo kidogo mpaka kikatoboka. Anayejaza maji ya kisima matupu huongeza na chumvi. Visima vingi vya Dodoma na vile vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo hujenga magamba ndani ya rejeta kama yale yanayoonekana ndani ya birika la nyumbani. Joto likikosa njia ya kutoka, injini huchemka.

Inapochemka, kosa la pili huwa la hatari zaidi: kufungua mfuniko papo hapo. Maji ndani ya rejeta yapo chini ya mgandamizo, na mfuniko ukilegezwa hulipuka kuwa mvuke. Mtambo huachwa upoe, hata kama msimamizi anapiga kelele.

Vumbi na dizeli

Barabara za vumbi jekundu za Singida au Tabora huwapa mafundi kazi mwaka mzima. Vumbi lile ni mchanga laini, na mchanga ukiingia kwenye silinda hufanya kazi ya msasa. Kinachouzuia ni filta ya hewa. Mitambo mingi mikubwa ina filta mbili, ya nje na ya ndani. Ya nje inaweza kusafishwa mara chache kwa upepo mdogo usiozidi baa 2, ukipulizwa kutoka ndani kwenda nje. Ya ndani haisafishwi kamwe, hubadilishwa. Tabia ya kuigongesha filta kwenye tairi ili vumbi lidondoke, ambayo inaweza kuonekana saiti yoyote, huikunja karatasi yake na kufungua matundu yasiyoonekana kwa macho. Kinyume cha inavyodhaniwa, kuifungua filta kila saa nako ni kosa, kwa kuwa kila inapofunguliwa vumbi kidogo huangukia upande wa ndani. Mitambo mingi ina kiashiria kinachoonyesha filta ilipoziba. Kiashiria ndicho kisikilizwe.

Dizeli nayo ina maadui wawili, maji na uchafu. Tangi lililoachwa nusu usiku kucha hupata unyevu, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hupoa na kutoa matone. Kwa hiyo tangi hujazwa jioni, si asubuhi, na asubuhi hufunguliwa koki ya chini ya filta ya kutenganisha maji ili yaliyotuama yatoke. Ni kazi ya dakika moja. Pampu na nozeli za injini za kisasa husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia vitundu vidogo sana, na tone la maji hapo ni sawa na kokoto.

Hapa pia ndipo wizi unapoingia. Kufyonza dizeli kwenye mitambo ni biashara inayojulikana, na pengo lililoachwa wakati mwingine huzibwa kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayana utelezi wa dizeli, na pampu inayotegemea dizeli kujilainisha huanza kujisaga. Uchakachuaji ulipokithiri nchini, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Hatua nyingine ilikuja Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Salfa nyingi huzalisha tindikali inayoizeesha oili mapema. Hata hivyo, viwango vya nchi havimlindi mtu aliyenunua dizeli kwenye madumu, gizani, nyuma ya ukuta wa saiti.

Tundu dogo kama la sindano

Sehemu hii inawahusu zaidi vijana wanaojifunza ufundi. Nguvu ya ekskaveta haitoki kwenye vyuma vyake, inatoka kwenye mafuta ya haidroliki. Ekskaveta ya tani 20 huwa na takriban lita 200 za mafuta hayo, na yanapofanya kazi mgandamizo wake hufika baa 350, zaidi ya mara 150 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Yote hayo hupita kwenye mipira.

Mpira wa haidroliki hauchakai ghafla. Husuguana na chuma, ngozi yake ya juu huchubuka, nyaya za ndani huonekana, kisha hupasuka. Katika hatua ya kati hutokea tundu dogo sana ambalo hutoa mafuta kama ukungu, wakati mwingine bila kuonekana. Fundi asiyejua hupitisha kiganja kutafuta yanakotoka. Mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huwa kidogo, pengine hakitoi hata damu, na mwenyewe hucheka na kuendelea na kazi. Ndani ya saa chache mkono huvimba na nyama kuanza kufa. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na anayechelewa anaweza kukatwa kidole au mkono mzima. Kinachotakiwa ni kumwahisha hospitali na kumweleza daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya mgandamizo yaliyoingia, kwa kuwa kwa kuangalia tu jeraha anaweza kumpa dawa ya maumivu na kumruhusu arudi nyumbani.

Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi au mbao, kamwe si kwa mkono. Na kabla ya yote, ndoo au jembe hushushwa mpaka chini, injini huzimwa, vishikio huchezeshwa ili mgandamizo uliobaki utoke, na ufunguo hukaa mfukoni mwa anayefanya kazi. Kuingia chini ya jembe lililoning'inia angani kwa nguvu ya mafuta peke yake ni kumkabidhi roho yako oringi.

Kanuni kama hiyo inahusu minyororo na matairi. Mnyororo wa katapila hukazwa kwa grisi iliyobanwa ndani ya silinda, na vali yake ikifunguliwa zaidi ya mzunguko mmoja inaweza kuruka kama risasi. Matairi makubwa ya loda, hasa yenye rimu za vipande, hutolewa upepo wote kabla ya kufungua nati hata moja, na anayejaza upepo husimama pembeni, si mbele ya rimu. Mnyororo wenyewe usikazwe kupita kiasi. Ukibana sana huzila haraka pini na magurudumu yake, na unapofanya kazi kwenye tope unapaswa kulegezwa zaidi, kwa sababu tope hujaa na kuukaza lenyewe. Kwa mitambo ya minyororo, sehemu hiyo ya chini peke yake inaweza kumeza karibu nusu ya gharama zote za matengenezo, na kuondoa tope jioni kwa sepeto ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuipunguza.

Kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero au Mtibwa hofu kubwa ni moto. Majani makavu hujikusanya karibu na tabo na bomba la moshi, na palipo na uvujaji mdogo wa mafuta hakuna kinachokosekana. Huko kusafisha chumba cha injini ni sehemu ya ukaguzi sawa na kupima oili.

Walivyoshindwa Kongwa

Tanzania ina mfano wake wa kihistoria wa mitambo isiyo na matunzo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ukilenga kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta na mabuldoza yaliyoletwa yalikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mengi yakiwa yamechoka. Spea zilikuwa adimu, karakana hazikutosha, waendeshaji wengi hawakuwa na uzoefu, na ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ni ngumu kama tofali. Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huo huo wa kwanza, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafanyi kazi.

Mradi ulisitishwa rasmi Januari 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36 za wakati huo. Si haki kuisingizia mitambo lawama zote, maana mvua, mipango ya haraka na kutoijua ardhi vilichangia pakubwa. Lakini wapangaji wale walinunua vyuma kwanza na kufikiria mafundi baadaye, na utaratibu huo bado unawavutia wanunuzi wengi wa mitambo.

Nani analipa robo saa?

Ikiwa ukaguzi ni mwepesi na faida yake ni kubwa, kwa nini unarukwa? Jibu linalotolewa mara kwa mara ni elimu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, jibu hilo ni nusu tu. Vyuo vipo, vikiwamo vya ufundi stadi chini ya VETA, na opereta aliyepita huko anayajua yote yaliyoandikwa hapa juu.

Nusu ya pili ni malipo. Mitambo mingi ya ujenzi hukodishwa kwa saa. Aliyekodi anahesabu kuanzia ndoo inapogusa udongo, hivyo opereta anayezunguka na kitambaa mkononi anaonekana anakula saa zake. Mwenye mtambo yuko mbali, anachotaka ni hesabu ya jioni. Opereta analipwa kwa siku, na mtambo ukiharibika hakatwi. Pengine anapata mapumziko. Akiripoti kwamba mpira umechubuka, mtambo husimama na siku yake hupotea. Katika mpangilio huo, mtu mwenye nafasi nzuri ya kuuona ufa ndiye anayepata hasara kwa kuutaja.

Migodi mikubwa iliyofunguliwa nchini kuanzia miaka ya 2000, kama Geita na Bulyanhulu, iliingia na mtazamo mwingine, ambao ndani yake ukaguzi wa mwanzo wa zamu ni sehemu ya zamu, hujazwa kwenye fomu na kulipwa. Katika shughuli za aina hiyo oili iliyomwagwa haitupwi kabla ya sampuli yake kupelekwa maabara. Silikoni ikionekana nyingi, vumbi linaingia. Shaba ikipanda, bushi au beringi inalika. Mkandarasi wa daraja la chini hana maabara, lakini robo saa anayo. Angeweza kuiandika ndani ya mkataba wa kukodi: saa moja kwa kumi na mbili, robo kwa ukaguzi, kazi kuanzia saa moja na robo, na opereta anayesimamisha mtambo kwa sababu ya kweli halipwi pungufu siku hiyo.

Kisheria wajibu uko kwa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka ahakikishe mitambo ni salama kwa wanaoitumia, na wakala wa serikali unaosimamia eneo hilo, OSHA, hukagua sehemu za kazi vikiwamo vifaa vya kunyanyulia mizigo. Ukaguzi wa aina hiyo ni muhimu, ila hauwezi kuuona mpira uliochubuka jana jioni. Hata teknolojia ya kufuatilia mitambo kwa setilaiti, ambayo kampuni kama Komatsu na Caterpillar huiweka kwenye mitambo yao, humwonyesha mwenye mali akiwa ofisini saa, mahali, dizeli na baadhi ya hitilafu za injini. Doa mchangani haioni.

Unapokodi kwa kiwanja chako

Wakazi wengi wa mijini hukutana na mitambo hii mara moja au mbili maishani, wanapokodi kijiko kwa nusu siku kuchimba msingi au shimo la choo kule Goba, Bunju au Chanika. Bei huulizwa, hali ya mtambo haiulizwi. Mteja haitaji kuwa fundi. Azunguke mara moja pamoja na opereta kabla ya kulipa. Aangalie kama silinda za mkono zina mafuta yanayotiririka, kama mipira imefungwa kwa mpira wa baiskeli, ishara kwamba tatizo linajulikana na limeahirishwa, na kama ndoo inacheza kwenye pini zake. Amwombe opereta ainue ndoo ikiwa tupu, aiache angani dakika chache bila mtu yeyote kuwa karibu, na watazame kama inashuka yenyewe. Ikishuka kwa kasi, silinda au vali imechoka, na watoto wa majirani wanaopenda kutazama kijiko wasiruhusiwe hata kufika uzioni.

Jambo la mwisho ni la kuzima. Injini nyingi za mitambo hii zina tabo inayozunguka kwa kasi kubwa na kulainishwa na oili ya injini. Kazi ikimalizika huachwa inguruma polepole kwa dakika tatu hadi tano ndipo izimwe, ili tabo ipoe oili ikiwa bado inapita. Mteja anayelipa kwa saa akisikia mngurumo huo na kudhani anaibiwa dizeli, asiharakishe kugomba. Amuulize opereta, na kama jibu ni tabo, basi huenda amempata opereta ambaye asubuhi pia aliuzunguka mtambo wake.